Hesabu, Bahati na Kamari: Bao la Wazee, Pokémon ya Vijana na Hukumu Yake

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Tumeletewa swali na baadhi ya ndugu zetu maimamu wa Kyela, kule kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, kuhusu mchezo wa Pokémon, ambao vijana huucheza kwa simu na kwa mashine, na ambao huko duniani una mashindano makubwa yenye zawadi za fedha. Mmoja wao anasema vijana wake wameambiwa kuwa mchezo huo ni haramu kwa jina lake, kwani ulikwishatolewa fatwa huko Saudia. Mwingine anasema ni kama bao tu wanalocheza wazee wakishatoka kwenye mpunga na kakao, na kama bao halina neno basi na huu hauna neno. Kauli zote mbili tumeziona zina haraka ndani yake. Na jambo lenyewe si dogo, kwa sababu kijana anayeambiwa haramu bila dalili leo, kesho akiambiwa haramu kwa dalili hasikii.

Wanazuoni wana kanuni kwamba hukumu ya kitu ni tawi la kukijua kitu chenyewe. Basi tuanze na kukijua.

Mchezo wenyewe ulivyo

Pokémon ilitoka Japani mwaka 1996. Aliyeubuni, Satoshi Tajiri, utotoni alikuwa mkusanyaji wa wadudu, na mchezo wake umejengwa juu ya kazi hiyo: kutafuta wanyama wa kubuni, kuwakusanya, kuwalea, kisha kuwapambanisha na wa mwenzio. Jina lake ni mkato wa maneno yenye maana ya majitu ya mfukoni. Tunalitaja hili kwa sababu zilienea habari katika nchi za Kiarabu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwamba jina hilo ni tamko la kumkana Allah au la kuisifu dini nyingine. Habari hizo hazina asili, na Mwislamu hafai kuzipokea wala kuzisambaza.

Mashindano ya dunia ya mapambano haya kwa mashine yalianza mwaka 2009 katika mji wa San Diego, Marekani. Mwaka 2023 yalikuwa Yokohama, mwaka 2024 Honolulu, na mwaka 2025 Anaheim. Utaratibu wake ni huu. Kila mchezaji huja na timu ya wanyama 6 aliyoiunda nyumbani. Kabla ya pambano wawili hao huonyeshana timu zao, kisha kila mmoja huchagua 4 kati ya wale 6, bila mwenzake kujua amewachagua wepi, na huwaingiza uwanjani wawili wawili. Kila mnyama ana vitendo 4 tu anavyoweza kuvitumia. Kila mnyama pia ana jinsi moja au mbili kati ya jinsi 18, kama vile maji, moto, majani na umeme. Maji huushinda moto, moto huyashinda majani, na majani huyashinda maji. Katika kila zamu wachezaji wote wawili huamua kwa siri, kwa muda wa sekunde 45, halafu mashine hufungua maamuzi yote mawili kwa pamoja, na mnyama mwenye kasi zaidi ndiye hutangulia.

Msomaji ataona kuwa kazi kubwa hufanyika kabla ya siku ya shindano. Kuunda timu si kukusanya wenye nguvu sita. Ni kukusanya sita wanaofichiana aibu. Mfano unaojulikana zaidi ni wa mwaka 2014 mjini Washington, ambako Sejun Park wa Korea Kusini alitwaa ubingwa wa dunia akiwa na Pachirisu, mnyama mdogo mfano wa kindi, ambaye wachezaji wengi walikuwa hawamtii hesabuni kabisa. Park alikuwa pia na Gyarados, mwenye nguvu kubwa lakini ambaye pigo la umeme humuumiza mara nne ya kawaida. Pachirisu ana kitendo cha kuyavuta mapigo ya adui yamjie yeye, na Pachirisu wa Park alikuwa na tabia ya kuunyonya umeme, ukimpiga haumdhuru bali humpa afya. Basi kila adui alipotaka kumpiga Gyarados kwa umeme, umeme ulimwendea yule mdogo, na yule mkubwa akabaki anapiga kwa raha yake. Hii ni hesabu, tena ya mtu aliyekaa akaifikiri.

Lakini bahati nayo imo, na haifai kuificha. Pigo moja, la mnyama mmoja kwa mnyama mmoja, linaweza kutoa madhara ya ngazi 16 tofauti, kuanzia asilimia 85 hadi 100 ya kiwango chake. Pigo la kawaida lina nafasi moja katika 24 ya kutoka na nguvu mara moja na nusu. Na yapo mapigo makali ambayo hukosa mara moja katika kila 10, au zaidi ya hapo. Yote haya huamuliwa ndani ya mashine, kwa namna ya kutupa dadu isiyoonekana.

Wanazuoni wetu walivyoigawa michezo

Kitabu cha michezo katika fiqhi ya Imam Shafi'i (r.a.), ambayo ndiyo tuliyokulia wengi wetu katika nchi hizi, mara nyingi hutafutwa mahali pasipo pake. Mwanafunzi hukitafuta katika mlango wa biashara au wa mashindano ya farasi. Lakini maneno mengi yamo katika Kitabu cha Ushahidi, kwa sababu fuqahaa walikuwa wakiuliza: mtu anayecheza hiki, je, ushahidi wake hupokelewa kwa kadhi? Ndiyo maana utawaona wanazungumza juu ya haramu na, pamoja nayo, juu ya muruwa, yaani heshima ya mtu.

Imam Shafi'i, aliyefariki mwaka 204 Hijria, katika Al-Umm aliichukia nardi kuliko michezo mingine kwa sababu ya hadithi zilizokuja juu yake, akasema shatranji ni nyepesi kuliko nardi ingawa haipendi, na akauchukia mchezo uitwao hazza na mwingine uitwao qirqi, kwa kuwa kucheza si kazi ya watu wa dini wala wa muruwa. Nardi ni ule mchezo wa dadu na vipande. Hadithi ya kuukataza iko kwa Muslim kutoka kwa Burayda, na nyingine iko kwa Abu Dawud kutoka kwa Abu Musa. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) katika Minhaj akalifupisha jambo: nardi ni haramu kwa kauli iliyo sahihi, shatranji ni makruhu, na ikiwekwa mali kutoka pande zote mbili hiyo ni kamari. Madhehebu mengine yana wengi walioiharamisha shatranji yenyewe, na ni khilafu ya zamani ambayo hatutaimaliza hapa.

Waliokuja baada yao, akina Ibn Hajar al-Haytami katika Tuhfa, wakaitoa illa iliyo ndani ya ugawaji huu. Mchezo ambao tegemeo lake ni hesabu na fikra, hukumu yake ni ya shatranji; na ambao tegemeo lake ni kubahatisha, hukumu yake ni ya nardi. Na mfano mmojawapo waliouweka upande wa hesabu ni manqala, yaani mchezo wa vishimo na kete zinazohamishwa kutoka shimo hadi shimo. Ndugu msomaji, hiyo ndiyo jamaa ya bao letu. Mzee wa Ipinda au wa Matema anayesogeza kete chini ya mwembe, na jirani yake wa ng'ambo ya mto Songwe ambako Wamalawi huliita bawo, wote wawili wametajiwa mchezo wa jamaa moja na wao katika vitabu vya Misri na Hijazi karne nyingi zilizopita.

Na bao linastahili mahali hapo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kila mmoja 32. Mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, akinamua moja moja mpaka zimalizike, ndipo mchezo wa mtaji unapoingia. Hakuna dadu. Kete za ubaoni kila mtu anaziona, na za mkononi idadi yake inajulikana. Anayefungwa hana wa kumlaumu ila akili yake. Alex de Voogt, mtafiti wa Kiholanzi, aliandika tasnifu mwaka 1995 kuhusu ufundi wa mabingwa wa Zanzibar, na ni aibu kidogo kwamba mgeni ndiye aliyeona lipo la kusomwa hapo.

Je, Pokémon iko upande gani?

Anayesema ni sawa na bao amekosea, kwa sababu bao halina bahati ndani yake na huu unayo. Na anayesema ni nardi kwa kuwa una dadu ya ndani, naye tunamwuliza: mshale je? Mtume (s.a.w.) aliruhusu zawadi katika mishale, ngamia na farasi, kama ilivyopokewa kutoka kwa Abu Hurayra na wenye Sunan. Na mpiga mshale hodari hupeperushiwa mshale wake na upepo, na farasi wa kwanza hujikwaa. Kuwemo kwa bahati peke yake hakukuuharibu mchezo ule, bali Sharia imeutukuza.

Tofauti tunavyoiona ni katika nani anamtangulia mwenzake. Katika nardi dadu hutupwa kwanza, kisha mchezaji hutazama ameruzukiwa nini, na hapo ndipo akili yake huanza kazi ndani ya mpaka aliowekewa na dadu. Akili inaifuata bahati. Katika mshale mtu hulenga kwanza kwa elimu yake, kisha upepo huja juu ya alicholenga. Bahati inaifuata akili. Pambano la Pokémon ni la namna hii ya pili. Mchezaji huunda timu, huchagua wanne, huamua kitendo, ndipo bahati huingia. Na fundi huipunguzia nafasi: hufanya hesabu yake kwa ngazi ya chini kabisa kati ya zile 16, huacha pigo kali linalokosa akachukua la wastani lisilokosa, na hujiwekea njia ya pili ikiwa ya kwanza itaharibika. Ama kukisia nia ya mpinzani, hiyo siyo takhmini ya dadu. Ni kama amiri wa jeshi anayeisoma safu ya adui kwa alama anazoziona.

Na dalili ya nje tunayo. Ray Rizzo wa Marekani aliutwaa ubingwa wa dunia mwaka 2010, 2011 na 2012, mfululizo. Dadu haimpendi mtu mmoja miaka mitatu. Ndiyo maana pia katika mashindano hayo makubwa mshindi hutafutwa kwa michezo mitatu, atakayeshinda miwili, ili pigo moja la bahati lisiamue siku nzima.

Kwa hiyo tunaelekea kwenye kauli kwamba mchezo huu kwa asili yake, bila mali, uko upande wa hesabu, na ni makruhu kama shatranji kwa anayeuzamia, na si haramu kwa jina lake.

Fatwa ya Saudia na hoja nyingine

Mwezi Machi mwaka 2001 wanazuoni wa fatwa wa Saudia, wakiongozwa na Mufti Mkuu wa wakati ule, Sheikh Abdulaziz Aal al-Sheikh (aliyefariki Septemba 2025, Allah amrehemu), waliuharamisha mchezo wa Pokémon pamoja na kadi zake. Walitaja kamari katika kadi, alama za dini na itikadi nyingine, na nadharia ya viumbe kugeuka kutoka kimoja hadi kingine. Mwaka 2016, mchezo wa Pokémon wa kutembea na simu ulipoenea, fatwa hiyo ilizungumzwa upya.

Tunawaheshimu, na hoja yao ya kwanza ni nzito: watoto walikuwa wakitoa mali kwa kadi na kushindaniana kadi hizo. Kununua pakiti iliyofungwa bila kujua kilichomo, kwa tamaa ya kupata kadi adimu, kuna gharari ya wazi. Lakini hiyo ni hoja juu ya kadi na mali, wala haiufuati mchezo kila uendako. Ama kugeuka kwa wanyama, huko mchezoni ni kama kiwavi kuwa kipepeo, na hatujaona kijana aliyeacha imani ya uumbaji kwa sababu hiyo. Wapo pia wanaosema: mbona sasa Saudia yenyewe ina mashindano makubwa ya michezo ya mashine mjini Riyadh tangu mwaka 2024, na kampuni iliyo chini ya mfuko wa uwekezaji wa serikali yake ilinunua mwaka 2025 ule ule mchezo wa Pokémon wa kutembea na simu? Tunawajibu kuwa biashara ya dola haifuti fatwa wala haiithibitishi. Hukumu hutafutwa katika dalili.

Ameuliza mmoja pia kuhusu hadithi ya Ibn Abbas ya kukataza kuwachochea wanyama wapigane, iliyoko kwa Abu Dawud na Tirmidhi. Illa ya katazo hilo ni maumivu ya kiumbe chenye roho pasipo faida, na picha haina roho. Kupiganisha majogoo, ambako bado kupo kwa watu, ndiko hadithi inakokutaka. Na kuhusu wanyama wasiokuwepo duniani, tunamkumbusha hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) iliyoko kwa Abu Dawud: miongoni mwa vitu vyake vya kuchezea alikuwa na farasi mwenye mbawa mbili, Mtume (s.a.w.) akamwuliza, naye akajibu kuwa Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa, na Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Mali, na hapa ndipo penye hatari

Haya yote tuliyoyasema yanaporomoka mali ikiingia. Katika Surat al-Maida, aya ya 90 na ya 91, Allah (s.w.t.) ameitaja kamari pamoja na pombe na masanamu, na akabainisha kuwa shetani hutaka kwayo kutia uadui baina ya watu na kuwazuia na utajo wa Allah na Swala. Ufundi wa mchezaji hautoi mchezo katika kamari. Bao lenyewe, pamoja na usafi wake wote, likiwekewa dau na wawili linakuwa kamari kwa ibara ya Minhaj tuliyoitaja.

Na ikiwa mali imetolewa na mmoja tu, kwamba akishindwa anatoa na akishinda anabaki nayo, wanazuoni wetu wamesema hiyo si kamari, lakini ni mapatano ya mashindano juu ya kisichokuwa zana ya vita, hivyo hayaswihi, na mshindi hastahiki kuidai. Atakayeleta hila ya muhallil, yaani mchezaji wa tatu asiyeweka kitu, tunamwambia muhallil amewekwa kwa mashindano ambayo zawadi yake ni halali kwa asili, hawezi kuihalalisha isiyokuwa halali. Ama zawadi inayotolewa na mtu wa nje au kampuni kutoka katika mali yake, hali wachezaji hawakuchangia kitu, wapo wanazuoni wa zama hizi walioiona ni hiba, na hatuwakatazi watu kuifuata kauli hiyo. Lakini mashindano mengi ya ngazi za chini huwa na kiingilio. Kiingilio kikiwa ni ujira wa ukumbi na kazi, ni ujira. Kikikusanywa ndicho kikawa zawadi, ni kamari hata kama kimeitwa ada.

Tuje sasa kwenye mabanda ya gemu. Mwaka 2025 ilitangazwa kuwa mapambano ya Pokémon yatatengenezewa mchezo wake maalumu utakaoingia hadi kwenye simu, basi tusidhani mambo haya ni ya Japani na Marekani. Hata hivyo katika mabanda yetu, kuanzia Kyela mjini hadi Kasumulu mpakani, kijana hukaa zaidi mbele ya mpira wa mashine, na humo kuna desturi ambayo hakuna khutba iliyoigusa: aliyefungwa ndiye analipa. Tuseme mchezo mmoja ni Sh 500. Wawili wanakaa, na wamepatana kuwa atakayeshindwa atalipa zote 500. Kila mmoja ameingia hajui kama atatoka amecheza bure au amelipia na mwenzake. Hii ndiyo sura ya kamari hasa, kutoka pande mbili. Na ni ile ile ya meza ya pool, na ya bao na drafti wanaposema aliyefungwa anunue soda. Wengi wanaofanya hivyo ni watu wanaoswali, wangekataa katakata kubeti mkeka wa mpira, nao hawajui kuwa wamekaa ndani ya jambo lile lile. Na kwamba serikali ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi inayotoa leseni, hilo linampa mwenye duka ruhusa ya nchi tu.

Njia ya kutoka ni nyepesi. Kila mmoja alipe nusu kabla ya kuanza, 250 kwa 250, au mmoja awalipie wote wawili kwa ukarimu wake, ashinde au ashindwe. Mwenye banda hapotezi hata senti, na mchezo unabaki na utamu wake. Imamu anayemjua mwenye banda, awe Mwislamu au jirani yetu Mkristo, amwendee kwa upole amwombe apokee malipo kabla ya mchezo. Tunaamini hilo litawafaa vijana kuliko khutba kumi za kulaani jina la Kijapani.

Limebaki la Swala. Fuqahaa wamesema shatranji yenyewe huwa haramu ikimpitishia mtu wakati wa Swala, na michezo hii mingine ni vivyo hivyo. Mashindano huenda raundi baada ya raundi kutwa nzima, na asiyekuwapo raundi yake inapoitwa hushindwa. Aliye safarini ana ruhusa ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri, aitumie. Aliye mjini kwake hana ruhusa hiyo kwa ajili ya mchezo. Ainuke, na ikimpita raundi imempita. Na wale wa bao baada ya Alasiri wasijione wako nje ya maneno haya, kwani Magharibi huwa fupi na kete hazijawahi kumwadhinia mtu.

Wallahu a'lam.